Shamba la Nabothi na timu ya Ubaruku

Leo baada ya ibada wengi wetu tutakimbilia kwenye runinga kutazama Ligi Kuu, na sioni dhambi hapo, mradi hukutoka kanisani kabla ya baraka. Basi tuanzie huko huko uwanjani.

Unaikumbuka Novemba 29, 2022? Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Wakaenda Ubaruku, wilayani Mbarali, Uwanja wa Highland Estates, wakalala mabao 2-1 mbele ya Ihefu. Mbarali ni nchi ya mpunga, na Ihefu ni jina la ardhi oevu ya bonde la Usangu, ile inayoulisha Mto Ruaha Mkuu. Timu ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikashuka, ikapanda tena 2022. Oktoba 2023 Yanga walirudi Ubaruku, wakafungwa tena 2-1.

Miezi michache baadaye, msimu haujaisha, timu ikahamia Singida. Mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Nafasi ya Ligi Kuu ilisafiri pamoja na timu. Ubaruku ikabaki na uwanja.

Tusimwonee mtu. Klabu ina wenyewe, na mishahara, kambi na safari za nchi nzima haziwezi kulipwa kwa viingilio vya mji mdogo. Watu wa Singida nao wana haki ya kushangilia. Lakini fungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Sisi huwa tunakimbilia mwisho wa habari ile, kwenye mawe na mbwa, tukaruka mwanzo wake. Mfalme Ahabu hakuanza kwa kunyang’anya. Alimwahidi Nabothi shamba bora zaidi, au fedha taslimu. Bei ilikuwa nzuri! Nabothi alikataa kwa sababu shamba lilikuwa urithi wa baba zake, na katika Israeli, kama Walawi 25 inavyoeleza, ardhi haikuuzwa moja kwa moja kwa kuwa mwenyewe ni Bwana. Ahabu aliona bustani ya mboga karibu na nyumba yake. Nabothi aliwaona waliomtangulia na watakaomfuata.

Huko Uingereza, mwaka 2002 klabu ya Wimbledon iliruhusiwa kuhamia Milton Keynes, mji ulio mbali na kwao. Mashabiki hawakupiga mtu. Mwaka ule ule waliunda klabu yao, AFC Wimbledon, wakaanzia madaraja ya chini, na mwaka 2011 wakaingia tena kwenye ligi ya taifa. Miaka tisa, mpenzi msomaji. Sisi kamati ya ujenzi ikichelewa miezi tisa tunahama kanisa.

Nimetaja ujenzi kwa makusudi. Miaka ya nyuma nilikaa katika kikao kimoja cha kanisa, nisitaje wapi. Mtaa mmoja ulikuwa umetimiza masharti yote ya kuwa usharika kamili: washarika wa kutosha, sadaka, nyumba ya mchungaji iliyofika kwenye linta. Ndipo akajitokeza mfadhili, mtu mwema tu, ambaye familia yake ilisali mtaa wa jirani, akaahidi kumaliza kila kitu iwapo makao ya usharika yangekuwa kule kwao. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa akisomba maji ya kufyatulia matofali tangu siku ya kwanza, akanyoosha mkono na kuuliza, “Na jina letu je, baba mchungaji, litaandikwa wapi?”

Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba swali hilo litajadiliwa kwenye mengineyo. Tulipofika kwenye mengineyo giza lilikuwa limeingia, tukafunga kwa sala.