Kabla ya Harusi, Panda Treni: Wiki Moja Mwisho wa Reli

Mwulize kijana yeyote wa Dar angependa kwenda kutalii wapi na mpenzi wake. Atakutajia Zanzibar, atakutajia Dubai, na mwenye ndoto ndefu atasema Tokyo. Ukimtajia Kigoma atacheka. Kwa wengi wetu Kigoma ni dagaa, mawese, na yule jamaa wa ofisini anayetaniwa kila siku kwamba ni Mrundi.

Basi msomaji wangu, huyo jamaa ndiye mume wangu.

Julai 2023 tulikuwa bado wachumba. Tulikuwa tunasoma pamoja shahada ya uzamili, masomo ya jioni, na darasa letu la watu 14 likaamua kusherehekea mtihani wa mwisho kwa safari. Kwenye kundi la WhatsApp pakachimbika. Wenye magari walitaka Mikumi, wenye wapenzi wapya walitaka Zanzibar. Mwenzetu mmoja aliyewahi kuishi Japani akatuambia kwamba kule wanafunzi wa sekondari wana safari ya pamoja kabla ya kumaliza shule, wanaiita shugaku ryoko. Wanapanda treni kwenda Kyoto na Nara kuona mahekalu ya kale, na wengi hupelekwa Hiroshima kuona mahali bomu la atomiki lilipoanguka mwaka 1945. Raha ipo, alisema, lakini kijana anarudi akiijua nchi yake.

Mwingine akadakia: "Kwani sisi reli hatuna?" Kigoma ikashinda kwa kura mbili.

Mchumba wangu, mzaliwa wa Kidahwe, hakupiga kura kabisa.

SIRI YA MTU MKIMYA

Tulikuwa na miaka mitatu pamoja na alikuwa hajanipeleka kwao. Kila likizo ilikuwa na sababu yake: mara nauli, mara kazi, mara mvua. Shangazi yangu, ambaye ndiye msimamizi wa ndoa zote za ukoo wetu, alikuwa ameshatoa hukumu. "Mwanaume asiyeonyesha kwao ana mke huko. Na isitoshe huyo ni Mrundi."

Hilo la pili nilijua linamuuma. Ofisi moja aliyokwenda kufuatilia karatasi zake ilimrudisha mara tatu aeleze babu yake alizaliwa wapi, wakati wenzake wa mikoa mingine walimaliza siku hiyohiyo. Mwaka 2013 serikali ilipoendesha Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu Kagera, Geita na Kigoma, yeye alikuwa mwanafunzi, na anasema likizo ile alitembea na kitambulisho cha shule mfukoni hata akienda dukani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "twende kwenu na wenzetu 12 wanaopenda utani", usishangae akinyamaza.

SAFARI INAFICHUA WATU

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200, na kwa treni ile ya zamani unahesabu karibu siku mbili. Mwenzangu, siku mbili ndani ya behewa hazifichi kitu! Utajua nani anakoroma, nani mchoyo, na nani hawezi kukaa saa tatu bila mtandao. Kwenye kundi letu kulikuwa na wapenzi wengine wawili, wale wa kupiga picha kila kituo. Walianza kugombana Morogoro juu ya hela ya chakula, wakanuniana Dodoma, na tulipofika Tabora, pale reli ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma, dada alikuwa ameshahamisha begi lake behewa lingine.

Sisi tulikula kuku wa Saranda, tukanunua asali, tukapita Uvinza penye chumvi. Lakini kadiri treni ilivyosogea magharibi ndivyo mwenzangu alivyozidi kupungua maneno.

Kigoma yenyewe inakupokea kwa ziwa. Unashuka kwenye jengo la stesheni la Wajerumani, unainua macho, maji hayo hapo, na ng'ambo milima ya Kongo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Bandarini tuliiona MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa meli na treni, ikaunganishwa upya hapohapo Kigoma. Ilishuka majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikabeba watu na mizigo kwa miongo kibao. Siku tuliyofika ilikuwa imetulia, haibebi abiria.

Ujiji tulikwenda kwa daladala. Tuliona miembe na mnara wa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Lakini mwenyeji aliyetutembeza hakukaa sana kwenye Wazungu wale. Alituonyesha barabara ya misafara iliyotoka pale hadi Bagamoyo, watu wakibebeshwa pembe za ndovu na wao wenyewe wakienda kuuzwa. Wale wapiga picha wetu siku hiyo walisahau simu zao.

UTANI ULIPOVUKA MSTARI

Jioni ile, mbele ya mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, mwenzetu mmoja akaropoka: "Sasa hapa ndipo mnapovukia, eti? Pasipoti mnagonga wapi?" Watu wakacheka. Mimi nikaweka tonge chini.

Mchumba wangu hakupandisha sauti. Alimwuliza: "Unajua Kigoma ilitawaliwa na Wabelgiji?" Jamaa hakujua. Akamweleza kwamba enzi za Mjerumani, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja. Mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji waliuteka mji huu na hawakuuachia kwa Waingereza hadi 1921. Mpaka mnaouona kwenye ramani, alisema, uliamuliwa Ulaya na watu ambao hawakumwuliza Muha hata mmoja. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, mtu wa huku akisema wa kule anasikia. "Sasa ukinisikia naelewana na Mrundi, usinitafutie pasipoti. Nitafutie mwalimu wa historia akufundishe."

Meza ikalipuka kwa kicheko, safari hii upande wake. Wapenzi wasomaji, mimi nilikuwa nimemwona mwanaume huyu akipendeza kwa suti. Sikuwahi kumwona akipendeza vile.

SOKWE NA WAJAPANI

Siku mbili baadaye tulipanda boti Kibirizi kwenda Gombe. Jane Goodall alifika pale Julai 14, 1960, akiwa na miaka 26 na bila shahada, na mwaka huohuo akamwona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa kichuguuni. Hadi wakati huo wataalamu walishikilia kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, na mama huyo aliendelea kuisemea dunia nzima hadi alipofariki Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91. Mbele ya sokwe tulivaa barakoa na kukaa mbali nao, kwa sababu mafua yako wewe kwao yanaweza kuwa msiba.

Na yule mwenzetu wa Japani alipata cha kujivunia. Kusini zaidi, kwenye milima ya Mahale, ni Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliotangulia kuwazoea sokwe. Toshisada Nishida alianza utafiti wake huko mwaka 1965, na Mahale ikatangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985. Yaani watu wa Kyoto walivuka bahari kuja kuitazama Kigoma, wakati sisi wa Dar tunaona ni mbali!

KIDAHWE

Siku ya sita ndiyo iliyokuwa yangu. Kundi lilikwenda kuangalia michikichi ya utafiti kwenye kituo cha TARI Kihinga, sisi wawili tukaelekea Kidahwe, kwenye njia panda ambapo barabara ya Kasulu inaachana na ya Uvinza. Njiani akaniambia kilichokuwa moyoni miaka yote mitatu.

"Nilitaka nijenge kwanza. Nikulete kwenye nyumba ya maana."

Kumbe hakukuwa na mke. Kulikuwa na bati zilizoshika kutu na choo cha nje.

Mama yake alitoka jikoni mikono ikiwa myekundu kwa mawese. Alipiga magoti nusu, akapiga makofi taratibu, "Mwakeye", na mimi niliyezoea shikamoo ya harakaharaka nikajikuta nimepiga magoti kabisa. Salamu ya Kiha haina pupa. Anakuuliza wazima, anakuuliza safari, anakuuliza waliobaki nyumbani, na makofi yanaendelea. Shangazi yangu angependa.

Nilimsaidia kazi yake. Mikungu ya chikichi huvunwa, tunda huchemshwa hadi lilainike, hutwangwa, mafuta yakakamuliwa na kuchemshwa tena. Hakuna kinachotupwa. Kokwa, ambazo huko wanaziita mise, nazo zina mafuta yake, na hutengenezewa sabuni. Kwa mawese hayo, aliniambia, alilipa ada za watoto wanne.

Baba yake alinipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mchikichi mrefu kuliko yote. "Huu aliupanda baba yangu. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, lakini mti upo." Mchumba wangu alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliangalia pembeni.

Wakati wa kuaga, mama akanishika mkono. "Mwanangu, nikuulize neno moja. Watoto wenu watakuja huku, au na wao watakuwa wageni kwao?"

Sikumjibu papo hapo. Swali kama lile si la kujibu kwa adabu tu.

TULIVYOGOMBANA, TULIVYOPATANA

Usiku ule tuligombana, nawaambia ukweli. Kamati ya harusi Dar ilikuwa imeshachagua ukumbi wa watu 400. Nikamwambia tuupunguze, nusu ya hela ije Kidahwe, sherehe moja ifanyike uani pale pale kwenye mchikichi. Akasema nimemwonea huruma, na hataki huruma. Nikamwambia huruma ningempa nikiwa Dar. Hapa nataka ukwe. Tulikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Na shangazi yako atakuja?"

Alikuja. Mwaka 2024 tulifunga ndoa Dar kwa watu 150, na wiki mbili baadaye tukawa Kidahwe. Shangazi alipanda treni akilalamika hadi Uvinza, akarudi na dumu la mawese na kiroba cha dagaa. Utani wa Mrundi bado anautoa. Tofauti ni kwamba siku hizi anamtolea usoni, na mkwewe anamjibu.

Nyumba bado haijajengwa. Tumeanza na bati.

KAMA NA NYIE MNATAKA KUJARIBU

Muda. Tengeni siku zisizopungua saba. Tangu Agosti 2024 treni ya SGR inafika Dodoma rasmi, lakini ukitaka kufika mwisho wa reli ni ile ya zamani. Ulizeni ratiba na mkate tiketi mapema.

Hela. Kubalianeni kabla ya kuondoka nani analipa nini. Wale wenzetu wa behewa tofauti hawakukosa mapenzi, walikosa mazungumzo ya dakika kumi.

Gombe. Mafua yakiwashika, ahirisheni. Mfuateni mwongozo, na msithubutu kuwapa sokwe chakula.

Ukweni. Dada, beba kanga mbili. Kaka, usisubiri nyumba ya maana. Usifike mikono mitupu, lakini usifike na mazawadi ya kuwatambia wazee. Sukari, sabuni na chumvi vinatosha.

Mazungumzo. Kabla ya kadi kuchapwa, kila mmoja amjibu mwenzake maswali matatu: kwenu kuna nini unachoogopa nikione? Wazazi wako wananitegemea kwa lipi? Na watoto wetu watasema kwao ni wapi? Mkishindwa kujibu mezani mjini, kateni tiketi mkajibiane njiani.