Salio Linapotoweka Mpakani: Hodi Ipigwe Mlango Upi?

Siku moja ya soko alifika kituoni mama mmoja mfanyabiashara wa samaki hapa Busia, akitaka tumfungulie faili ya wizi. Shilingi 20,000 alizoweka kwenye simu usiku zilikuwa zimekwisha kabla ya saa tatu asubuhi, naye hakuwa amempigia mtu yeyote. Tulipoitazama simu tuliikuta imeshika mtandao wa Kenya, ilhali mwenyewe alilala kwake, upande wa Uganda.

Mnara wa simu hauujui mpaka. Simu iliyoachwa ijichagulie mtandao hufuata mawimbi yenye nguvu, na programu zake huendelea kuvuta data kwa bei ya ugenini. Ni kweli kwamba Kenya, Rwanda na Uganda zilikubaliana mwaka 2014 kuondoa malipo ya kupokea simu za kanda hii ukiwa nchi jirani, na kuweka kikomo kwa bei ya kupiga. Lakini makubaliano hayo yalihusu sauti. Wengi wetu tuliyachukulia kana kwamba yaligusa na intaneti. Anayeishi karibu na mpaka na achague mtandao wake kwa mkono kwenye mipangilio ya simu, tena azime matumizi ya data ugenini.

Na fedha zilizokwisha kukatwa? Hapo ndugu zetu wengi hukimbilia polisi, nasi hatuna mamlaka ya kuamua bei ya kampuni. Mlango wa kwanza ni kampuni yenyewe. Andika tarehe, saa, salio la kabla na la baada, na jina la mtandao lililoonekana kwenye kioo cha simu. Piga huduma kwa wateja au nenda dukani kwao na kitambulisho, uombe orodha ya makato, na usiondoke bila nambari ya lalamiko. Nambari hiyo ndiyo ushahidi kwamba ulilalamika. Mimi mwenyewe nilikatwa mwezi mzima kwa ajili ya ujumbe wa matokeo ya mpira nisioujua ulikotoka, na kwa kuwa sikudai nambari, kila nilipopiga nilianza upya.

Usiporidhika, peleka lalamiko kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ambayo Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 imeipa kazi ya kupokea na kuchunguza malalamiko ya namna hii. Onyesha kwamba kampuni ilipewa nafasi ya kujibu. Mwenye laini ya Kenya hupeleka lake kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, hata kama analala Uganda: hutazamwa laini ilikosajiliwa.

Polisi ni mlango wako pale panapokuwa na udanganyifu. Akikupigia mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, akaahidi kukurudishia makato mradi umtajie nambari ya siri, huyo ni tapeli. Kadhalika laini yako ikizimika ghafla, kisha fedha zikatolewa. Njoo upesi na simu kama ilivyo, bila kufuta chochote.

Yule mama alikuwa amekwisha kufuta ujumbe wa makato kwa hasira. Tulimsaidia kuandika aliyoyakumbuka, akaenda nayo dukani. Nambari ya lalamiko amepewa. Jibu bado analingoja.