Kuvuta kamba hakuondoi uhasama wa kamisheni

Siku hizi ni nadra kampuni kubwa ya humu nchini kuumaliza mwaka bila ya kuwapakia wafanyakazi wake basini na kuwapeleka Naivasha, Sagana, Ngong au kwingineko penye nyasi na hewa safi, ili wakajengwe wawe timu. Aghalabu wanaotangulizwa ni watu wa mauzo. Huvishwa fulana za rangi moja, hugawanywa katika makundi yenye majina ya simba na chui, kisha hushindanishwa kuvuta kamba, kukimbia wakiwa ndani ya magunia na kujiangusha kinyumenyume wakitumaini kudakwa na wenzao. Jioni huliwa nyama choma, meneja akahutubu, washindi wakakabidhiwa kikombe. Jumatatu kila mtu hurudi kwenye simu yake na wateja wake.

Sina ugomvi na nyama choma, wala siwaonei kijicho watu waliokesha mwaka mzima wakibisha milango ya wateja wakipata siku moja ya kunyosha viungo. Ugomvi wangu ni na dai linaloandamana na safari hizi, kwamba michezo ya siku moja uwanjani huweza kuwafanya kitu kimoja watu ambao ofisi yenyewe imewagawanya kwa makusudi. Dai hilo sasa limebisha hodi hata shuleni, ambako walimu nao wameanza kupelekwa nje wakati wa likizo kwa shabaha iyo hiyo. Kwa hivyo si vibaya walimu, na wanafunzi wasomao elimu ya biashara, wakalichungua.

Chimbuko la mambo haya halikuwa tafrija. Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani aliyetiwa kizuizini na utawala wa Hitler mwaka wa 1933 kisha akahamia Uingereza, alianzisha shule ya Gordonstoun kule Scotland mwaka wa 1934. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, meli za biashara za Uingereza zilikuwa zikizamishwa baharini, na tajiri mmoja wa meli, Lawrence Holt, alikuwa na imani kwamba mabaharia chipukizi walikuwa wakikata tamaa na kufa katika mashua za kujiokolea, ilhali wazee waliozoea misukosuko ya bahari walistahimili. Mwaka wa 1941 wawili hao wakafungua chuo cha Outward Bound huko Aberdovey, katika pwani ya Wales. Mafunzo yalichukua takriban mwezi mzima. Tawi la fikra hiyo lilitufikia sisi katika miaka ya 1950, chuo kilipoanzishwa Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro, na vijana waliopitia pale waliuparamia mlima wenyewe.

Msomaji na autazame umbali uliopo baina ya mambo hayo mawili. Kule, kijana alifundishwa kwa majuma kadhaa kustahimili jambo ambalo lingeweza kumuua kesho yake. Huku, mwuzaji wa bima au wa sabuni hupewa saa sita, na tano kati ya hizo ni za kuimba, kula na kupigwa picha. Jina la mafunzo limebaki. Muda na haja vimeachwa njiani.

Tuuchukue basi mchezo upendwao kuliko yote, wa kuvuta kamba. Wengi huuona kuwa ndiyo picha kamili ya ushirikiano, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba umoja ni nguvu. Bahati ni kwamba kamba hiyo imepimwa. Maximilien Ringelmann, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa zana za kilimo, alianza katika miaka ya 1880 kupima nguvu za watu wavutao au wasukumao kitu, kwanza mmoja mmoja kisha kwa makundi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 1913. Aligundua kwamba kadiri kundi linavyokua ndivyo kila mmoja anavyotoa nguvu chache zaidi. Katika hesabu zake, watu wanane wakiwa pamoja, kila mmoja hutoa takriban nusu tu ya uwezo wake.

Hapo mtu aweza kusema kwamba huenda tatizo ni kukosa mwafaka, huyu kavuta mapema, yule kachelewa. Mwaka wa 1974, watafiti wa Kimarekani walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele ya kamba na kumwambia kwamba nyuma yake wapo wengine. Wengine hao walijifanya tu kuvuta, hata wakiguna kama watu waliolemewa, lakini hawakuvuta. Mtu yule, ambaye kwa hakika alikuwa akivuta peke yake, bado alilegea. Alikuwa akitegea. Kila mwalimu aliyewahi kutoa kazi ya kikundi anaufahamu ugonjwa huu bila ya kuhitaji kipimo: wanafunzi sita huandika majina yao juu ya karatasi iliyoandikwa na msichana mmoja usiku kucha.

Dawa ya kutegea nayo ilipatikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio waliwapima watu kwa kuwaambia wapige mayowe na makofi, wakaonyesha mwaka wa 1979 kwamba utegeaji unatokea hata hapo. Na mwaka wa 1981 wakaonyesha kwamba mtu akijua sauti yake mwenyewe inaweza kutambuliwa miongoni mwa sauti za wenzake, hategei tena.

Sasa tuingie katika ofisi ya mauzo. Ukutani pana ubao. Juu ya ubao pana majina, na mbele ya kila jina pana tarakimu za mwezi. Mwenye nyingi amepigiwa mstari kwa wino wa kijani, mwenye chache kwa wino mwekundu. Hapo hapana mwenye kutegea, kwani hapana pa kujificha. Sauti ya kila mtu inatambulikana mno. Maradhi ya kikosi cha mauzo ni kinyume kabisa cha yale ya wavuta kamba: kila mmoja anavuta kwa nguvu zake zote, lakini kila mmoja ana kamba yake. Kijana aliyeajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu, ambaye hana mshahara ila kamisheni, hawezi kumfundisha mgeni aliyeketi kando yake namna ya kumtuliza mteja mkali, maana mgeni huyo akijua, mwezi ujao atampita kwenye ubao. Jina la mteja mtarajiwa hufichwa mfukoni kama hirizi. Mmoja akienda kuuguza mtoto, hurejea akakuta mteja aliyemwandama kwa nusu mwaka ameshatiwa saini na mwenzake. Kumpeleka mtu huyu Naivasha akavute kamba pamoja na yule aliyemnyang'anya mteja ni sawa na kumpa dawa ya malaria mtu aliyevunjika mguu.

Tena dawa yenyewe ina madhara yake. Mwaka wa 1954, Muzafer Sherif, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki, aliwapeleka wavulana 22 wa umri wa miaka ipatayo 11 katika kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani. Walikuwa watoto wa kawaida, wasiofahamiana. Aliwagawanya makundi mawili, kila kundi likakaa peke yake kwa muda, likajichagulia jina: hawa wakajiita Tai, wale wakajiita kwa jina la nyoka mwenye njuga mkiani. Kisha akawashindanisha katika besiboli, kupiga hema na, naam, kuvuta kamba, na kuwawekea nishani, kikombe na visu vya mfukoni kuwa tuzo. Muda si muda bendera zilichomwa moto, vibanda vikavamiwa usiku, matusi yakawa ndiyo salamu. Sherif alipojaribu kuwapatanisha kwa kuwaketisha pamoja mezani na kuwaonyesha filamu, walirushiana chakula.

Nawaomba mameneja waisome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, kwani chakula cha pamoja na burudani ndizo nguzo wanazozitegemea.

Kilichowapatanisha wavulana wale kilikuwa kingine. Maji ya kambi yalikatika, ikabidi wote waufuate mfereji hadi kwenye tangi kutafuta palipoziba. Ilitakiwa filamu ambayo hapana kundi lililoweza kuikodi kwa fedha zake peke yake, wakachanga. Siku moja lori la kwenda kuleta chakula likakataa kuwaka, na wavulana wakachukua ile ile kamba waliyokuwa wakiivutia mashindano, wakaifunga kwenye lori, wakalivuta wote pamoja. (Mambo hayo yote yalikuwa yamepangwa na Sherif, lakini watoto hawakujua.) Walirudi nyumbani katika basi moja, na kundi lililokuwa na dola tano za ushindi likawanunulia wote vinywaji. Kamba haikubadilika. Kilichobadilika ni kilichofungwa kwenye ncha yake ya pili.

Lipo jaribio jingine la Sherif lisilotajwa sana. Mwaka uliotangulia, 1953, katika jimbo la New York, alijaribu kuwafanya wavulana wagombane akashindwa. Wale walikuwa wameachwa wafahamiane na kufanya urafiki kwanza, kabla ya kutenganishwa, na kila alipowachochea hawakuchocheka. Mimi huliona jaribio hili lililofeli kuwa na faida kubwa kwa mwajiri kuliko lile lililofaulu, kwa sababu linamwambia lini aanze: pindi wafanyakazi wapya wanapoajiriwa, kabla ya ubao kuwafikia, si baada ya miaka mitano ya kunyang'anyana.

Watakuwepo watakaonijibu kwamba mashindano ndiyo damu ya mwuzaji, na kwamba mtu asiyependa kushinda akafanye kazi nyingine. Hilo sikatai. Lakini kama ni hivyo, kampuni haina haja ya kutumia fedha ili kuwaongezea watu hawa mashindano ambayo wanayo tele ofisini. Wakitolewa nje, na wapewe kile ambacho ofisi haiwapi. Wapandishwe vilima vya Ngong, kila mmoja amepewa kipande kimoja cha maelezo ya njia, pasiwe na njia ya kufika isipokuwa kila mtu aseme alicho nacho. Huo ndio mtihani hasa wa mtu aliyezoea kuficha jina la mteja. Waingizwe katika mashua za mpira kwenye mto Tana huko Sagana, ambako upande mmoja ukipiga kasia na mwingine ukazembea mashua huzunguka mahali pamoja, na mto haujali nani alikuwa wa kwanza mwezi uliopita. Pia aulizwe kila mmoja mapema, faraghani, kuhusu afya yake. Mja mzito, mwenye pumu na mwenye goti bovu wasilazimishwe kuchagua baina ya kuumia na kuonekana wakaidi mbele ya mkubwa wao. Na baada ya kazi waketi chini wazungumze, saa nzima ikibidi, nani alinyamaza na kwa nini.

Wazee wetu walizijua siri hizi. Katika mwethya wa Wakamba, watu walitoka pamoja kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na miteremko ya Machakos ni ushahidi wa kazi hiyo. Ngwatio ya Wakikuyu vilevile, leo shambani kwako, kesho kwangu. Hapana aliyehitaji mwelekezi mwenye kipaza sauti amwambie kwamba mwenzake ni muhimu. Mwenye shamba la leo alikuwa ndiye mchimbaji wa kesho.

Ndiyo maana swali gumu halimo msituni bali katika karatasi ya malipo. Kampuni ambayo sehemu ya kamisheni yake hugawiwa kikosi kizima, na ambayo humlipa mwuzaji mkongwe kwa kila mgeni aliyemfundisha akafaulu, imeshafunga lori kwenye ncha ya kamba. Si lazima kamisheni yote iwe ya ujima. Ikiwa hivyo, utegeaji wa Ringelmann utarejea kwa kishindo. Inatosha sehemu iwe ya mtu na sehemu iwe ya wote, na kila mmoja azijue hesabu zake.

Walimu wangu, msicheke. Shule ambayo humzawadia mwalimu mmoja kwa alama za somo lake, siku ya kutangazwa matokeo, mbele ya wenzake wote, nayo ina ubao. Mwalimu wa Hisabati na wa Kiswahili hugombania saa za ziada za jioni za mtoto yule yule mmoja, kila mmoja akitafuta wastani wake, na mtoto analala darasani. Mtaala mpya wa umilisi unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa stadi za kimsingi. Kabla ya basi la walimu kukodiwa kwenda Naivasha likizo ijayo, kamati ya shule ingekutana kwanza na kuamua jinsi saa hizo za jioni zitakavyogawanywa, na iwapo zawadi ya mwaka huu itapewa mtu au idara. Nauli ikisalia, basi na liende.