Bunduki Moja, Kazi Tatu

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Je, ashikaye tatu? Huko Marekani, ambako sheria ya taifa ya mwaka 1968 humruhusu muuzaji mwenye leseni kumuuzia bunduki ndefu mtu aliyetimiza miaka 18, anunuaye silaha ya kwanza aghalabu hutaka moja tu itakayomfaa kwa mambo matatu: kujifunza shabaha, kuwinda na kulinda nyumba yake. Tuyapime mambo hayo moja moja.

Kujifunza kwataka risasi nyingi. Mtu haijui shabaha kwa kufyatua mara tano, kama vile mtoto haijui hesabu kwa zoezi moja. Ndiyo maana wakufunzi wengi humwanzisha mwanagenzi kwa bunduki ndogo ya kipimo cha .22, ambayo risasi yake ya kawaida ilibuniwa mwaka 1887. Risasi hizo ni za bei nafuu, kishindo chake ni kidogo, wala bunduki yenyewe haimpigi mlengaji teke begani. Teke hilo ndilo adui wa mwanafunzi. Akishaliogopa, hufumba macho na kuutikisa mtutu kabla risasi haijatoka.

Mawindo nayo hayakubali udogo huo, ila kwa sungura na wanyama wa kiasi chake. Majimbo mengi yamekataza kumwinda kulungu kwa risasi ya .22, kwa sababu yaweza kumjeruhi tu, akaenda kufa mbali kwa mateso. Mwindaji huchukua risasi yenye nguvu, mathalani .30-06, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906. Hiyo humwangusha kulungu, lakini humtia mwanagenzi hofu na kuutoboa mfuko wake.

Sasa tuingie nyumbani. Risasi iwezayo kumwangusha mnyama aliye umbali wa mita 200 haisiti mbele ya ukuta mwembamba wa mbao. Hupenya hadi chumba cha watoto, au hata kwa jirani. Isitoshe, bunduki ya ulinzi hutakiwa iwe karibu na mkono, ilhali usalama wa watoto hudai ifungiwe kabatini, risasi zikiwekwa mbali nayo. Hakuna fundi aliyeweza kuutatua ukinzani huo kwa chuma.

Kwa maoni yangu, basi, anayeanza huko achague kwa ajili ya kujifunza. Achukue ile ndogo, na mkono ukishakomaa, haja yenyewe itamwonyesha ya pili. Ulinzi wa nyumba uanze kwa mlango imara, kufuli, taa na ujirani mwema.

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na hakuna raia aruhusiwaye kumiliki bunduki bila cheti cha serikali. Hata hivyo, vijana wetu huenda Marekani kusoma. Na wajue kwamba aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi kwa kawaida hukatazwa na sheria ya taifa kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa katika hali chache, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiyeijua sheria hiyo aweza kujikuta gerezani badala ya darasani.