Stata Inayopiga Kelele na Kuharibika Mara kwa Mara

Wakulima wenye motokaa kuukuu za kuchukulia maziwa na mboga hulalamika ya kwamba stata haidumu. Huondolewa, huwekwa nyingine, na baada ya miezi michache kelele ni ile ile, na maziwa yanachacha uani. Mara nyingi stata yenyewe haina kosa. Kuna kitu kingine kinachoiharibu, na kisipotengenezwa, hata stata ya tatu itakufa.

Stata ni mota ya umeme yenye kigurudumu kidogo cha meno. Ufunguo ukizungushwa, kigurudumu hicho husogea na kushika meno ya gurudumu zito lililo nyuma ya injini, kikalizungusha. Injini ikiisha kuwaka, hurudi mahali pake.

Basi sikilizeni sauti. Ikilia ta-ta-ta kwa upesi na taa zikififia, tazameni betri na nyaya zake. Ikigonga mara moja tu, ko, na taa zikabaki na nuru, huenda swichi ya stata au brashi zake zimekwisha. Ikivuma bila injini kuzunguka, kigurudumu hakishiki. Ikisaga kama chuma juu ya chuma, meno yameliwa.

Sauti hii ya mwisho ndiyo inayowapotosha wengi, kwa kuwa leo husikika na kesho haisikiki. Injini ya silinda nne ikizimwa, kwa kawaida husimama mahali pawili tu, kwa sababu hewa iliyobanwa ndani ya silinda huizuia. Meno ya mahali hapo hugongwa kila siku, na mengine hubaki mazima. Kuyapima si kazi ngumu. Motokaa isimame mahali tambarare, handibreki ivutwe, gia iwe huru, na ufunguo utolewe. Izungusheni injini kidogo kwa spana katika bolti kubwa ya mbele, au kwa hendeli ikiwa ni Land Rover ya zamani. Ondoeni spana au hendeli, kisha washeni. Kusaga kukikoma, yaelekea meno ya gurudumu zito yameliwa. Yafaa kufungua giaboksi na kuvika ringi mpya ya meno, ambayo hupashwa moto ipanuke, na ikipoa hubana. Ni kazi ya kutwa, na fundi asiyependa kuifanya atawaambia mnunue stata.

Kazeni pia bolti za stata, maana ikilegea meno hayakutani sawasawa. Oili ikivuja juu yake, zibeni mvujo kwanza.

Betri dhaifu nayo huunguza stata. Betri nzima ya volti 12, ikiwa imetulia, hupima kama 12.6, stata inapozungusha injini, isishuke chini ya 9.6 hivi. Waya wa kutoa ufunguliwe kwanza, vichwa vya betri vioshwe kwa maji ya magadi yasiyoingia ndani, na waya unaoshika chesisi usuguliwe kutu. Msikaribishe moto wala sigara, kwani betri hutoa hewa inayolipuka. Ufunguo usishikwe zaidi ya sekunde 10. Pumzisheni stata kabla ya kujaribu tena.

Mkifika kwa fundi, mwambieni ni sauti gani mliyoisikia, na kama ilikoma baada ya kuzungusha injini. Stata ya zamani ikiisha kutolewa, mwombeni azungushe injini polepole, mkayatazame meno yote kwa kurunzi kabla hajafunga nyingine.