Risasi nyeusi: ni dawa, ni sumu, au ni nini?

Juzi hapa Nyakisasa kulizuka ubishi kijiweni. Jamaa kaona kwenye mtandao picha ya risasi zenye kichwa cheusi, basi kila mtu na lake. Mmoja anasema zimepakwa sumu, mwingine anasema ni dawa ya kupenya chuma. Nimekaa na kompyuta masaa mawili (hela yangu imeisha, msinicheke) na jibu ni hili: ni kilainishi kikavu tu.

Iko hivi. Kichwa cha risasi ya raifo kwa kawaida ni risasi laini, ile metali yenyewe, iliyovikwa gamba la shaba. Ndani ya mtutu kuna michirizi inayoizungusha ili iende imenyooka. Sasa kichwa ni kinene kidogo kuliko tundu, kinalazimishwa kupita kwa nguvu, na kila kikipita kinaacha shaba kidogo. Shaba ikijaa, bunduki inapoteza shabaha mpaka isafishwe.

Kuanzia miaka ya 1990 walenga shabaha wa Marekani, wale wanaojitengenezea risasi nyumbani kwa sheria za kwao, wakaingia kwenye mtindo wa kuzipaka unga wa molibdenamu na salfa. Unajua ukisugua penseli kwenye zipu iliyogoma inateleza? Ile ni grafaiti. Huu unga ni hivyo hivyo, una matabaka membamba yanayoteleza moja juu ya jingine. Mafundi magari wanaujua, ndio uliomo kwenye grisi nyeusi ya joint. Kinachonishangaza mimi ni kwamba grafaiti inahitaji unyevu kidogo wa hewa ili iteleze vizuri, lakini huu unateleza hata pasipo hewa, ndio maana unatumika kwenye vyombo vya anga za juu!

Na faida yake? Wengi waliuacha. Msuguano ukipungua, presha inashuka na mwendo wa risasi unapungua kidogo. Unga nao unaganda mtutuni, na ukipata unyevu unaweza kuleta kutu. Kwa masika yetu ya huku Ngara na Biharamulo, hapo umejichongea mwenyewe.

Hii ya kupenya chuma ni uzushi wa zamani. Mwaka 1982 televisheni moja ya Marekani ilitangaza habari za risasi za KTW zilizopakwa Teflon, watu wakaamini Teflon ndiyo inayotoboa fulana za polisi. Wapi! Kilichotoboa ni metali ngumu ya kichwa chenyewe, Teflon ilikuwa ya kulinda mtutu.

Kwa nini nimeandika haya? Kwa sababu sisi tumekulia kwenye habari za risasi. Aprili 1994 wakimbizi kama laki mbili na nusu walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi, na miaka iliyofuata silaha zilizagaa, mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi wenye bunduki. Sasa nikasikia dogo mmoja pale kijiweni anauliza kama zile za gobore nazo zinaweza kupakwa. Dogo, acha. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hata kuwa nayo tu bila kibali ni kesi. Na risasi nzima uliyoiokota shambani usiigonge wala kuitupa motoni, maana fataki ya kitakoni haiozi haraka kama unavyodhani. Iache hapo hapo, mwite mwenyekiti wa kitongoji au polisi.

Septemba na Oktoba 2022 serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha kwa hiari, bila kushtakiwa. Mwenye kujua huku kwetu zoezi lilikwendaje atuandikie hapo chini kwenye maoni, ila majina ya watu msiweke.