Tujikinge Tunapotengeneza Wanasesere

Katika kijiji kimoja tulichokitembelea tulikutana na kijana mwenye makovu ya moto katika mkono wake wa kulia, toka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Kijana huyo ni mkulima. Jioni, akisha kutoka shambani, hupenda kutengeneza wanasesere, ambao wengine huwaita midoli. Hununua wanasesere wakuukuu mnadani, kwenye mafungu ya mitumba. Huwaosha, hufuta sura zao za zamani, huwachora macho mapya, huwatia nywele za uzi mweusi na kuwavika kanga. Baadhi huwapa watoto wa ndugu zake. Wengine huwauza kwa watu wanaopenda kukusanya vitu vya namna hiyo.

Usiku mmoja alikuwa akifuta rangi ya zamani kwa thina. Thina ilikuwa ndani ya bakuli, na bakuli lilikuwa sakafuni. Mlango na dirisha alikuwa amevifunga, maana upepo ulikuwa ukileta vumbi kwenye rangi mbichi. Koroboi nayo ilikuwa sakafuni, kiasi cha hatua mbili kutoka kwenye bakuli. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa amelala mkekani humo humo chumbani.

Ghafla moto ukaruka kutoka kwenye koroboi mpaka kwenye bakuli. Kijana alimnyakua mtoto akamtoa nje. Mtoto alipona, lakini baba yake aliungua mkono.

Alituambia kwamba hakumwaga thina hata tone moja, wala hakuisogeza taa. Eti moto ulikuja wenyewe. Majirani wengine walikwisha anza kunong'ona habari za uchawi.

Je, moto unaweza kuja wenyewe? Hapana. Moto ule ulikuwa na njia yake, ila njia hiyo haionekani kwa macho. Leo tutaieleza njia hiyo, pamoja na hatari nyingine za kazi hii. Hatutaki muiache kazi. Tunataka muifanye mkiwa salama.

KAZI HII INAPENDWA NA WENGI

Kutengeneza wanasesere si jambo geni kwetu. Watoto wetu huwatengeneza kwa magunzi ya mahindi, kwa matambara na kwa udongo. Wazaramo wana mwana hiti, kinyago kidogo cha mti ambacho mwali hupewa akiwa ndani. Siku hizi mwana hiti wamo hata katika majumba ya makumbusho ya Ulaya.

Katika nchi za mbali pia kazi hii inapendwa, tena na watu wazima. Huko Marekani mwanasesere aitwaye Barbie alianza kuuzwa mwaka 1959. Mwingine aitwaye Blythe, mwenye kichwa kikubwa na macho yanayobadilika rangi, alitoka mwaka 1972. Huko Japani kampuni iitwayo Volks ilianza mwaka 1999 kuuza wanasesere wa plastiki ngumu iitwayo resini, ambao viungo vyao hushikwa na mpira uliopita ndani ya mwili. Wanunuzi wengi hawawachukui kwa kuchezea watoto. Huwakusanya, huwabadilisha sura kwa msasa na rangi, kisha huonyeshana.

Mtu wa Japani akipiga msasa uso wa mwanasesere, na mtu wa kwetu akipiga msasa kinyago cha mpingo, hatari yao ni moja. Hatari zenyewe ni nne: vumbi, mvuke, rangi yenye sumu, na visu pamoja na gundi. Tuzitazame moja moja.

HATARI YA KWANZA: VUMBI

Wengine husema, "Mbona babu yangu alichonga vinyago maisha yake yote na hakufunika pua?" Hilo ni swali zuri. Jibu lake ni hili. Babu alitumia tezo, patasi na kisu. Vyombo hivyo hutoa vipande na maganda, navyo huanguka chini. Lakini msasa, tupa na mashine ya umeme hutoa unga. Tena unga ule unaouona mezani siyo mbaya kuliko wote. Ulio mbaya zaidi ni ule laini sana ambao huuoni. Unabaki hewani muda mrefu, unaingia puani na kushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Vumbi la mpingo huwasha ngozi na macho, na kwa watu wengine huleta pumu. Mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vumbi la mbao linaweza kuleta saratani ya pua kwa watu wanaolivuta miaka mingi. Vumbi la plastiki na la resini nalo halina faida yoyote mwilini.

Basi tufanye hivi:

Kwanza, tufanyie kazi nje, upepo ukitokea mgongoni kwetu, ili uchukue vumbi mbele na siyo kuturudishia usoni.

Pili, mwanasesere wa plastiki au wa resini tumpige msasa akiwa majini. Tununue msasa wa maji, tutie maji katika beseni pamoja na sabuni kidogo, tusugulie humo. Unga utabaki ndani ya maji na hautaruka. Maji yale tuyamwage mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga.

Tatu, mti hauwezi kusuguliwa majini. Hapo tuvae barakoa. Lakini barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kubwa tu. Iliyo bora ni ile iitwayo N95, ambayo wengi tuliiona wakati wa ugonjwa wa Uviko-19. Ikae vizuri usoni bila mwanya.

Nne, tusifagie vumbi likiwa kavu. Tulifute kwa tambara bichi. Nguo za kazi tuzivue nje, tunawe mikono na uso kabla ya kula au kumbeba mtoto.

HATARI YA PILI: MVUKE

Sasa tumefika kwenye moto wa yule kijana.

Thina, petroli na asetoni (yaani dawa ya kufutia rangi ya kucha) hugeuka mvuke upesi, hata bila kupashwa moto. Ukiacha thina katika bakuli wazi, baada ya muda unaona imepungua. Imekwenda wapi? Imekuwa mvuke. Mvuke huo huuoni, ila unaunusa.

Watu wengi hudhani mvuke wote hupanda juu kama ule wa chungu cha ugali. Mvuke wa thina sivyo. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutambaa sakafuni kama maji. Mlango ukifungwa, hauna pa kutokea. Usiku ule mvuke ulitambaa kutoka kwenye bakuli mpaka kwenye koroboi, hatua mbili. Ulipofika kwenye utambi ukashika moto, na moto ukarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye bakuli. Hapakuwa na uchawi hapo.

Tena angalieni jambo hili. Ikiwa mvuke unakaa chini, ni nani anayeuvuta zaidi? Ni mtoto aliyelala mkekani. Mvuke huo huumiza kichwa, huleta kizunguzungu na kichefuchefu. Anayeuvuta mara nyingi kwa miaka huweza kuharibika ubongo, ini na figo. Ukiona kichwa kinauma wakati wa kazi, usingoje umalize. Funika kopo, toka nje.

Basi tufanye hivi:

Tusitumie thina, wala rangi ya kupuliza, wala vanishi ndani ya nyumba. Tusiitumie karibu na jiko, koroboi au sigara, wala usiku kwa taa ya moto. Tumimine kidogo tu, kisha tufunge kopo mara moja. Barakoa ya N95 huzuia vumbi lakini haizuii mvuke. Mvuke huzuiwa na barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa maalumu, nayo ni ghali. Kwetu sisi dawa iliyo rahisi ni hewa ya nje.

Jambo jingine ni msumari wa moto. Baadhi yetu hutoboa kichwa cha mwanasesere kwa msumari uliochomwa, ili wapate matundu ya nywele. Plastiki ikiungua hutoa moshi unaochoma macho na koo, na aina nyingine hutoa moshi wa tindikali. Ni afadhali kukilowesha kichwa katika maji ya moto mpaka kilainike, kisha kutoboa kwa sindano nene.

HATARI YA TATU: RANGI YENYE SUMU

Rangi nyingine, hasa za mafuta zenye kung'aa, zimechanganywa na madini ya risasi. Hatusemi risasi ya bunduki tu. Ni madini ambayo pia yametiwa katika rangi kwa miaka mingi. Marekani ilikataza rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978, lakini vitu vya zamani vilivyopakwa rangi hizo bado vipo.

Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo. Mtoto huchelewa kujifunza, na madhara hayo hayarudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama. Na mtoto mdogo akipewa mwanasesere hufanya nini? Humtia mdomoni.

Kwa hiyo rangi ya zamani inayobanduka tusiipige msasa mkavu. Mwanasesere wa mtoto tumpake rangi za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto, au tumshone kwa kitambaa bila rangi. Macho ya vifungo na shanga tusiwawekee wanasesere wa watoto walio chini ya miaka mitatu, maana yakichomoka huweza kumkaba mtoto koo. Tuwashonee macho kwa uzi.

HATARI YA NNE: VISU NA GUNDI

Kisu butu hukata mkono kuliko kisu kikali, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu na kinateleza. Tunoe visu. Tukate kuelekea mbali na mwili, na kitu tukiweke juu ya ubao, siyo kiganjani.

Gundi ile inayokauka mara moja hugandisha vidole. Ikitokea, usivivute kwa nguvu. Loweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha vitenganishe polepole. Na usiifute gundi hiyo kwa pamba au kitambaa cha pamba. Vikikutana hupata joto kali na huweza kukuunguza.

AJALI IKITOKEA

Ukiungua: mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta, wala dawa ya meno, wala majivu. Jeraha likiwa kubwa nenda zahanati.

Thina au gundi ikiingia jichoni: osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda zahanati.

Mtoto akinywa thina au mafuta ya taa: usimtapishe. Akitapika, mafuta huweza kuingia mapafuni. Mpeleke zahanati mara moja, na kopo lichukue ili mganga alione. Jambo hili hutokea sana kwa sababu tunatia thina katika chupa za soda. Mtoto akiiona chupa ya soda anajua ni soda. Tuiache thina katika kopo lake, tuliweke juu, tulifungie.

TUSOME MAKOPO

Zamani wengi wetu tulinunua rangi kwa kutazama rangi ya kopo tu. Sasa tunajua kusoma, basi tusome. Hata kama maneno ni ya lugha ya kigeni, zipo alama. Alama ya mwali wa moto maana yake ni kwamba kitu hicho hushika moto upesi. Alama ya fuvu la kichwa na mifupa maana yake ni sumu. Usione haya kumwuliza mwenye duka maana ya alama usiyoijua.

Yule kijana bado anatengeneza wanasesere. Tulimkuta chini ya mwembe, mchana, beseni la maji liko mbele yake na msasa uko majini. Kopo la thina lilikuwa limefungwa, limetundikwa juu ya tawi. Mwanawe alikuwa akicheza mbali kidogo na mwanasesere wa kitambaa, mwenye macho ya uzi.

Ndugu wasomaji, msisome makala hii peke yenu. Wasomeeni na jirani wanaochonga, wanaopaka rangi vitanda na wanaokarabati baiskeli. Nao wanashika msasa na thina kila siku.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini moto uliruka kutoka kwenye koroboi ingawa thina haikumwagika?
2. Kazi ya tezo na kazi ya msasa zinatofautianaje kwa upande wa vumbi?
3. Nyumbani kwako thina na mafuta ya taa hukaa wapi? Je, mtoto anaweza kuvifikia?
4. Mtoto akinywa mafuta ya taa, tufanye nini, na tusifanye nini?